Wakili wetu wa kesi ya kiwanja Mbeya: nyota 4, ya tano kaila sekretari wake

Jina lake sitaji maana kesi bado ipo Mahakama Kuu. Kwa kifupi, marehemu mzee alikuwa na kiwanja Itezi, karatasi yake ni ofa tu (barua ya kugawiwa kiwanja), hati hakuwahi kufuatilia, na sisi alivyofariki tukazubaa bila kufungua mirathi, siku tunaenda tunakuta mtu kashusha tofali na hati anayo, ya miaka 33, jina lake, mihuri yote. Mkataba anaosema aliuziana na mzee una dole gumba. Mzee wangu alikuwa mwalimu, mtaa mzima ulikuwa unamletea barua awaandikie, leo aweke dole??

Mi nikapanda kwa wakili nikijua kesi imeshaisha. Swali lake la kwanza, msimamizi wa mirathi nani? Kimya. Akasema mali ya marehemu anayeshtaki ni msimamizi, sio mtoto mwenye hasira, nendeni mkafungue mirathi kwanza, na elfu 50 ya ushauri akala. Niliudhika hadi nikatembea kwa mguu mpaka Mwanjelwa na baridi lile la mwezi wa saba.

Ila baadae nikamwelewa. Usimamizi ulivyotoka tu akakimbilia kuweka zuio kwa msajili wa hati ili jamaa asije akauza au kukopea benki, hapo alituokoa kweli. Halafu kwa kuwa tunamshtaki na msajili, ambaye ni mtu wa serikali, lazima Mwanasheria Mkuu aingie, kwa hiyo notisi ya siku 90 kwa serikali kwanza na kesi inaanzia Mahakama Kuu, baraza la ardhi la wilaya halihusiki tena. Shangazi alishaanza kusema tumeliwa hela, siku 90 anasubiri nini huyu.

Kingine hakutupaka mafuta. Alisema mwenye hati ndo anahesabika mmiliki mpaka wewe uoneshe aliipata kwa njia haramu, na ukisema "wameghushi" kwenye kesi ya madai mahakama inataka ushahidi mzito kuliko madai ya kawaida, kwa hiyo kulia lia na mwandiko mzuri wa mzee haitoshi. Akataka kila karatasi aliyowahi kusaini. Mama kaleta bati zima la biskuti, slipu za mshahara, fomu za pensheni, mpaka barua ya posa.

Sasa ubaya wake. Simu hapokei, sekretari anakujibu kama umekuja kuomba chumvi, kesi ikiahirishwa unajua ukiwa umeshafika mahakamani na nauli imeenda, ila meseji ya kukumbusha malipo inaingia saa 12 asubuhi. Bei sio ya kitoto, sisi tumekubaliana kwa awamu. Ofisi iko ghorofa ya tatu, mwenye magoti mabovu amtume kijana. Risiti anatoa ila uiombe.