Lushoto: ulale wapi? Irente, mjini, Mtae au Soni

Unapotafuta chumba Lushoto, picha za kitanda ziache kwanza. Jiulize utafika kwa usafiri gani, na ni mwezi gani. Mji huu wa milima ya Usambara, Tanzania, uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti baridi ya usiku haina mchezo.

1. Irente. Kwa mgeni wa siku mbili tatu, hapa ndipo penyewe. Ni mwendo mfupi wa bodaboda kutoka stendi ya Lushoto, na ukifika ukingoni unaiona Mazinde chini kabisa, na nyika ya Umasaini ikitandaa mbele yake. Asubuhi ukungu mara nyingi hufunika kila kitu; jioni ndiyo yenyewe, na aliyelala hukuhuku harudi mjini gizani. Jibini na jamu zinapatikana shamba la Irente, la kanisa la Kilutheri.

2. Lushoto mjini. Gesti za bei nafuu, benki, soko, magari ya alfajiri. Mandhari si ya kujivunia, lakini kwa mwenye mfuko mwembamba panafaa sana. Omba chumba kisichotazama stendi, maana honi huanza kabla ya jua.

3. Mtae. Kwa uzuri wa mandhari, hapana mpinzani: tambarare ya Mkomazi iko miguuni pako. Nimepaweka nyuma kwa sababu ya barabara. Ni ndefu na ya vumbi, na masika, Machi hadi Mei, inateleza vibaya. Usiende kwa usiku mmoja, na beba fedha taslimu.

4. Soni. Pa kupumzika njiani ukitokea Mombo, mji wa barabara kuu chini ya milima.

Popote utakapochagua, usiulize "kuna maji ya moto?" Wote watakujibu ndiyo. Uliza yanapashwa moto kwa kitu gani. Ya sola huwa vuguvugu baada ya siku mbili za ukungu, hasa kwa anayeoga alfajiri. Ya kuni ni ya uhakika, ila mwambie mhudumu mapema awashe moto. Hita ya umeme ya bafuni ni nzuri hadi umeme ukatike. Kisha uliza idadi ya mablanketi: moja halitoshi Julai. Lipa usiku wa kwanza tu, ufungue bomba mwenyewe, ndipo ulipie siku zilizobaki.