Losheni ya kujipaka rangi ya jua: chukua ile nyepesi, ile kali achana nayo

Chupa inakaribia kuisha kwa hiyo naona nina haki ya kuisema sasa. Hii ni ile losheni ya kuifanya ngozi nyeupe iwe kahawia kama imepigwa na jua bila kuota jua, ya kupaka kidogo kidogo, rangi inapanda pole pole kila ukipaka, sio ile ya povu jeusi unayojipaka usiku asubuhi unaamka mtu mwingine kabisa. Jibu langu fupi: ukitaka watu wakuulize ulikuwa likizo wapi chukua hii, ukitaka wakuulize umejipaka nini chukua ile nyingine.

Wengi wanadhani hizi losheni zinaamsha melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, wapi bwana. Kinachofanya kazi humo ni DHA, aina ya sukari, ikikutana na protini za ile ngozi ya juu kabisa ambayo seli zake zimeshakufa inageuka kahawia, ni mambo yale yale yanayoupa mkate rangi juu ukiwa ndani ya oveni. Ilijulikana kwa bahati tu, miaka ya 1950 huko Marekani mtafiti Eva Wittgenstein alikuwa anawapa watoto wagonjwa DHA wanywe, akaona ikidondoka kwenye ngozi panabaki kahawia. Na kwa kuwa ni seli zilizokufa ndo zinashika rangi, zikibambuka rangi nayo inaenda zake, siku 5 hadi 7 hivi umerudi kama ulivyokuwa.

Sasa ujanja wote uko kwenye kiasi. Losheni za kawaida huwa na DHA kama 3% hadi 5%, za kupuliziwa saluni zinapanda zaidi ya hapo, na ngozi nyeupe ikibebeshwa DHA nyingi kwa mkupuo ndo unaona mtu kawa rangi ya chungwa. Ile nyepesi unapaka leo, unaangalia kesho, ikikutosha unaacha, haikutoshi unaongeza, yaani wewe ndo unaamua wapi pa kusimama. Kinachonikera ni kwamba chupa nyingi hii yangu ikiwemo haziandiki asilimia, zinakuambia tu nyepesi, wastani, nyeusi, wastani ya nani sasa?

Ila hata losheni iwe nzuri vipi ngozi yenye magamba itakuumbua. Magoti, viwiko, vifundo vya miguu na visigino ni pakavu, panafyonza rangi kupita sehemu nyingine, ndo maana unaona miguu imependeza halafu pale nyuma juu ya kisigino kuna mchirizi mweusi. Nyoa na sugua kwa skrabu siku moja kabla, sio dakika tano kabla, na siku hiyo usijipake mafuta wala deodoranti kwanza maana rangi inashika mabakabaka. Hapo pakavu tu pitisha losheni ya kawaida nyembamba ndo upake rangi juu yake.

Mikono ndo huwa inatoboa siri. Mi nafanya hivi: nikishamaliza mwili mzima na glavu ya kupakia, sichoti tena, yale mabaki kwenye glavu ndo yanaenda mgongo wa mkono, vidole nimevikunja ili mikunjo ya maungio ifunguke, halafu nachukua kitambaa chenye maji nafuta katikati ya vidole na pembeni ya kucha. Viganja nasugua kwa sabuni hapo hapo, ngozi ya kiganja ni nene, ikishanywa rangi hautoki nyumbani.

Rangi ya hii yangu inaanza kuonekana baada ya masaa machache na inaendelea kukolea mpaka kesho yake, kwa hiyo usije ukaona saa ya kwanza hakuna kitu ukajipaka tena. Haina ile rangi ya kuongozea inayokuonyesha wapi umeshapaka, hiyo ni kasoro kwa anayeanza, paka penye mwanga. Shuka nyeupe toa kabisa.

Harufu sasa. Mbele wameandika nazi, na mwanzo ni nazi kweli, usiku inakuja ile harufu yenyewe ya DHA, tamu tamu iliyochacha, mpaka uoge ndo inapungua. Sijawahi kukutana na isiyonuka kabisa, hata zile zinazojitapa.

Na jamani rangi hii haikingi jua, hata uwe kahawia vipi sanskrini iko pale pale, tena siku ile ya kwanza baada ya kupaka ndo ujifiche zaidi. Machoni na midomoni isiende. Vidonge vya kumeza na vile vitu vya kupulizia puani vinavyouzwa mtandaoni eti vinatia rangi ya jua, hivyo mi sigusi.

Kwa mwenye shughuli kesho jioni hii haimfai, itakuwa haijafika popote, aanze wiki moja kabla. Losheni naipa nyota nne, moja nimekata kwa harufu na kwa ile pampu, losheni ikibaki chini haifiki, inabidi ufungue ukwangue. Na usiiache bafuni penye joto miezi na miezi, DHA inachoka, utapaka wee usione rangi.