Vifaa vya mwenye baridi yabisi: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Mtu mwenye baridi yabisi ya aina ya rumatoidi akiingia mjini na pesa, kila muuzaji ana kitu chake. Huyu ana bangili, yule ana mafuta ya kuchua, mwingine ana vidonge vya mitishamba vilivyotoka ng'ambo. Mgonjwa anarudi nyumbani na mfuko umejaa, na kifuniko cha chupa ya jamu bado kimemshinda. Orodha hii nimeipanga kwa swali moja tu: kifaa hiki kinauondolea mkono wako kazi gani ambayo leo unashindwa kuifanya? Kisichojibu swali hilo nimekiweka chini, hata kikiwa na bei kubwa.

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili inaushambulia utando wa ndani wa viungo. Viungo vinavimba, asubuhi vinakakamaa hata saa nzima na zaidi, na visipotibiwa mifupa inalika. Linalozuia hayo ni dawa za hospitali, wala si kitu cha kwenye rafu. Kifaa kizuri kinakusaidia kwa njia mbili: kinakuwezesha kufuata tiba bila kukosea, na kinapunguza nguvu inayopita kwenye vidole na vifundo vya mikono.

1. Kiboksi cha dawa cha siku saba, na daftari

Nimekiweka juu kwa sababu kosa linalozuiwa hapa limeshaua watu. Wagonjwa wengi wa rumatoidi huandikiwa methotreksati, ile ambayo kwenye boksi imeandikwa Methotrexate. Dozi yake humezwa mara moja kwa wiki. Si kila siku. Wapo walioizoea kama dawa nyingine wakaimeza kila siku, ikawaharibu uboho na mdomo, na wengine wakafariki. Chagua siku yako, tuseme Jumapili, na katika kiboksi chote vidonge hivyo vionekane kwenye chumba cha Jumapili peke yake. Asidi ya foliki, vitamini inayoandikwa pamoja nayo, iwekwe siku alizosema daktari. Kuna vidonge vya miligramu 2.5 na vya miligramu 10, na kwa macho vinaweza kufanana, kwa hiyo kila ukichukua dawa mpya soma boksi kabla ya kujaza.

Ukiwa dukani, usinunue kabla ya kukifungua mwenyewe. Viboksi vingi vya bei rahisi vina vifuniko vigumu vinavyotaka ukucha, na hapo ndipo vidole vyako vinapogoma. Tafuta chenye ulimi mrefu unaoweza kuusukuma kwa kidole gumba au kwa mpini wa kijiko. Vingi vina herufi za siku za Kiingereza, T mbili na S mbili. Bandika karatasi zilizoandikwa Jumatatu, Jumanne, na kuendelea.

Daftari ni la shule tu. Andika asubuhi mikono imekakamaa dakika ngapi, viungo gani vimevimba, na umemeza nini. Piga picha za vidole siku vikiwa vimevimba, maana ugonjwa huu una tabia ya kutulia siku ya kliniki. Daktari anayetumia DAS28, kipimo cha ukali wa ugonjwa huu, hukagua viungo 28, lakini anakagua vya siku hiyo. Programu za simu za kulipia sioni haja yake: kamera na kengele ulizonazo tayari zinatosha.

2. Vya kunenepesha mipini

Hapa ndipo pesa kidogo hufanya kazi kubwa. Kadiri mpini unavyokuwa mwembamba, ndivyo vidole vinavyolazimika kukaza zaidi, na kule kukaza ndiko kunakoumiza. Maduka ya vifaa tiba huuza vijiko, visu na miswaki yenye mipini minene, na bei yake hukatisha tamaa. Nenda badala yake kwa wanaouza vipuri vya viyoyozi na friji. Waombe ule mpira mweusi laini wenye tundu katikati, unaofunika mabomba ya shaba. Mita moja inatosha nyumba nzima: kata vipande, chomeka mwiko, kisu, mswaki, kalamu, hata ufunguo wa geti. Nenda na mwiko wako dukani ili tundu lilingane, maana likiwa kubwa mpini utazunguka ndani na kazi itakuwa ngumu kuliko mwanzo.

Kwa vifuniko vya chupa na makopo, omba fundi baiskeli kipande cha tyubu iliyochoka. Ukikiweka juu ya kifuniko unazungusha kwa kiganja kizima bila kubana vidole. Kifunguo maalumu cha vifuniko kinachofungwa chini ya kabati nacho ni kizuri, ila jaribu tyubu kwanza.

Mlango na bomba navyo ni mpini. Koki ya kuzungusha inaweza kubadilishwa na fundi bomba ikawekwa ya wenzo, ile unayoisukuma kwa kiganja au hata kwa kiwiko. Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba. Wengi hukubali ukilipa mwenyewe.

3. Msaada wa kazi nzito tatu: ugali, nazi na nguo

Kusonga ugali kunakusanya kila kitu kibaya kwa mkono mgonjwa: unabana, unazungusha, na unasukuma kitu kizito kwa wakati mmoja. Nunua sufuria ya masikio mawili, achana na ya mkono mmoja, na mwiko mrefu uliounenepesha kama tulivyosema. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea pete ya chuma yenye miguu inayoishika sufuria isizunguke, ili mikono yote miwili ishike mwiko. Nyumbani kwetu suluhisho lilikuwa rahisi zaidi: mjomba aliambiwa asonge mwenyewe. Alilalamika wiki ya kwanza.

Nazi usiinunulie mashine. Sokoni wapo wanaokuna kwa mashine, unalipa kidogo unarudi na nazi tayari. Mbuzi mpe jirani. Blenda ndiyo inayostahili pesa, kwa nyanya, vitunguu saumu, tangawizi na hata kusagia nazi ya tui. Lakini kagua namna jagi linavyokaa: zile za kuzungusha na kubana ndizo zitakazokushinda asubuhi, basi tafuta inayokaa kwa kuishusha tu, yenye vitufe vya kubonyeza.

Kwenye kufua, adui ni kukamua. Kama bajeti inaruhusu mashine, hata ndogo yenye pipa la kukamulia pembeni, inunue kabla ya televisheni mpya. Kama hairuhusu, zungushia nguo kwenye bomba na uivute kwa mikono miwili, au itundike inachuruzika. Ndoo ya kudekia yenye kikamulio cha kukanyaga kwa mguu haina bei kubwa na inafaa.

Maji nayo: ndoo ya lita 20 ni kilo 20 zinazoning'inia kwenye vidole. Madumu ya lita 5 yatakufanya uende mara nyingi zaidi, na ni sawa. Sokoni chukua mfuko wenye mikanda mirefu ya kuvaa begani, au begi la mgongoni.

4. Splinti ya kifundo cha mkono

Hii ni bendeji yenye bati ndani, inayoshika kifundo kisipinde. Ni nzuri kwa mwenye maumivu ya kifundo anapofanya kazi, lakini wengi huinunua kama kofia, kwa kuitazama. Pima mzunguko wa kifundo kwa utepe wa fundi cherehani kabla ya kwenda. Kuna ya kulia na ya kushoto. Ukiivaa, kidole gumba kiwe huru na splinti iishie kabla ya mkunjo wa kiganja, ili uweze kukunja ngumi. Bati la ndani liweze kuchomolewa unapofua. Mikanda ya velkro iwe na vitanzi vya kuingiza kidole, la sivyo utahitaji mtu wa kukuvua. Kwa joto la pwani chagua ya kitambaa chenye matundu.

Ivae wakati wa kazi, ivue kazi ikiisha, na ufanye mazoezi ya mkono. Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, imebana. Kama vidole vimeanza kupinda, usinunue dukani. Hizo hutengenezwa kwa kipimo na mtaalamu hospitalini.

5. Vya mazoezi ya mikono

Watu wengi huogopa mazoezi, wakidhani yanamaliza viungo. Utafiti wa Uingereza uitwao SARAH, uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet na kuhusisha wagonjwa 490, ulionyesha kwamba waliopewa programu ya kunyoosha na kuimarisha mikono, pamoja na huduma zao za kawaida, walikuwa na mikono inayofanya kazi vizuri zaidi baada ya mwaka mmoja. Vilivyotumika ni vitu vya kawaida kama udongo laini wa mazoezi na mipira ya kuvuta. Nunua ule laini kabisa. Mipira migumu ya kuminya inayouzwa barabarani iache, hasa viungo vikiwa vimevimba. Mara ya kwanza fundishwa na mtu wa fiziotherapia.

6. Joto na baridi

Beseni la maji ya vuguvugu asubuhi ni bure na linatosha kulegeza mikono. Mfuko wa mpira wa maji ya moto una kasoro ambayo watengenezaji hawakuifikiria: kizibo chake kinafungwa kwa kuzungusha na kukaza. Kiungo kikiwa chenyewe kina moto na kimevimba, baridi hutuliza zaidi. Barafu ndani ya taulo, dakika kumi hivi.

7. Viatu

Viwe na nafasi mbele, soli nene laini, na velkro badala ya kamba. Kandambili zinalazimisha vidole vya miguu kung'ang'ania; si za kutembelea mbali.

Visivyostahili pesa yako

Bangili za shaba na za sumaku zilijaribiwa na Chuo Kikuu cha York kwa wagonjwa 70 wa rumatoidi, matokeo yakatoka mwaka 2013: hazikupunguza maumivu wala uvimbe kuliko bangili za bandia. Ukiipenda ivae kama pambo.

Vidonge na "chai" za viungo zinazosifiwa kuponya kwa siku mbili ni jambo la hatari zaidi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu bidhaa iitwayo Artri King baada ya kukuta ndani yake diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe; zote hazikutajwa kwenye lebo. Ndiyo maana kitu cha aina hiyo hutuliza haraka: ni steroidi iliyofichwa, na inaweza kupandisha sukari na presha huku mnywaji akidhani anakunywa majani. Kama umekuwa ukitumia kitu kama hicho kwa muda mrefu, usikiache ghafla nyumbani, kwa sababu mwili unaweza kuwa umeacha kutengeneza steroidi yake wenyewe. Chukua chupa au boksi lenyewe, nenda nalo hospitali, mwambie daktari umekitumia tangu lini na kwa kiasi gani.