Huduma ya kuwahamishia wastaafu Cuenca, Ekuador: nilichokipata kwa dola 1,700

Baada ya kuuguza wagonjwa Minneapolis kwa miaka 27, nilikaa na mume wangu tukapiga hesabu ya pensheni, tukaona kwamba kodi ya nyumba peke yake ingemeza zaidi ya nusu yake kila mwezi. Ndipo tulipoamua kuhamia Cuenca, mji wa milimani kusini mwa Ekuador, na mwanzoni mwa mwaka 2025 tukaikabidhi kazi hiyo kampuni moja ya uwakala ya hukohuko, ambayo sitaitaja jina. Dola 1,700 tulizolipa kwa watu wawili zilijumuisha maombi ya viza, tafsiri za hati, kitambulisho cha mkaazi na kutafutiwa nyumba.

Kwa upande wa viza sina lalamiko. Sheria humtaka mstaafu wa kigeni athibitishe kipato cha kudumu kisichopungua mara tatu ya mshahara wa kima cha chini, ambao mwaka huo ulikuwa dola 470, kwa hiyo pensheni yangu ilipaswa kufikia dola 1,410 kwa mwezi, mbali na nyongeza kwa ajili ya mume wangu aliyeombewa kama mtegemezi. Ekuador inatumia dola ya Marekani tangu mwaka 2000, hivyo fedha zetu hazipungui kwa kubadilishwa. Mwanasheria wa kampuni alizisoma hati zetu neno kwa neno, akagundua kwamba jina la baba yangu limeandikwa kwa tahajia mbili, akatuandalia hati ya kiapo kabla ya kuwasilisha chochote. Viza ya miaka 2 ilitoka bila maombi kurudishwa hata mara moja, na kwa kazi hiyo ninamshukuru kwa dhati.

Cheti chetu cha ndoa ndicho kilichowashinda. Kilitolewa Mombasa, na Kenya haikuwa mwanachama wa mkataba wa apostili, yaani muhuri unaoifanya hati ya nchi moja itambuliwe katika nchi nyingine wanachama, kwa hiyo muhuri huo ambao Ekuador huutaka usingeweza kupatikana Nairobi hata kwa kulipia. Kampuni ilipokea fedha za kushughulikia hati zote bila kutuuliza tulifunga ndoa wapi, na mwishowe mdogo wangu ndiye aliyehangaika kwa wiki 7 kutoka ofisi hadi ofisi ili cheti kihalalishwe kwa njia ya kibalozi.

Katika kutafutiwa nyumba ndiko nilikoumia zaidi. Siku 3 mfululizo tulizungushwa katika maghorofa ya barabara ya Ordóñez Lasso, mtaa ambao umejaa wageni hata ukapewa jina la Gringolandia, na hatukuonyeshwa nyumba ya chini ya dola 800. Wiki iliyofuata, tukitembea wenyewe kando ya Mto Yanuncay, tuliona dirishani kibao cha “Se arrienda” (inapangishwa), tukabisha hodi, na mama mwenye nyumba akatupangisha vyumba vitatu, bila samani, kwa dola 380. Kihispania changu wakati huo hakikuzidi salamu na tarakimu, lakini kilitosha.

Kuhusu afya hawakutueleza lolote, na mimi kama muuguzi siwezi kulipuuza hilo. Cuenca iko mita zipatazo 2,500 juu ya usawa wa bahari. Mume wangu ana shinikizo la damu, na siku za kwanza alikuwa akihema kwa kupanda ngazi za ghorofa moja tu. Mstaafu anapaswa kuambiwa amwone daktari wake kabla ya safari, na aambiwe pia kwamba Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, kwa kawaida hailipii matibabu nje ya nchi hiyo, wakati mkaazi mwenye kitambulisho anaweza kujiunga kwa hiari na IESS, mfuko wa bima ya jamii wa Ekuador, kwa mchango wa asilimia 17.6 ya kipato anachotangaza.

Maisha yenyewe yametupokea vizuri. Katika soko la 10 de Agosto napata mihogo, ndizi mbichi na nazi kutoka pwani yao, na Jumapili nyumba yetu hunukia kama ya mama yangu Kisauni.

Baada ya kukaa na viza hii miezi 21 tutaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu, na kazi hiyo nitampa mwanasheria yuleyule, kwa malipo ya viza peke yake.