Uzoefu wangu na Donkey Kong Jr. Math: jibu unapewa, njia utafute mwenyewe

Waliokulia gemu za kaseti miaka ya tisini wanazijua zile kaseti zenye orodha ndefu ya gemu, nyingi za kurukaruka na kupiga risasi. Kwenye yetu kulikuwa na moja ambayo kila mtu aliipita bila hata kuigusa, maana ukiifungua tu unakutana na hesabu. Nani atoke shule akakutane na hesabu tena kwenye TV? Mwezi uliopita nimeiwasha kwa makusudi, nikiwa na mpwa wangu wa darasa la tatu.

Gemu yenyewe ni ya Nintendo. Ilitoka Japani Desemba 1983, miezi mitano baada ya mashine ya Famicom kuingia sokoni, na mwezi mmoja tu baada ya nyingine ya Popeye iliyofundisha watoto wa huko maneno ya Kiingereza. Marekani iliuzwa kwa ajili ya NES, yaani Famicom ya huko, chini ya kundi la gemu za elimu, na humo kundini ikabaki peke yake.

Sehemu nzuri ni Calculate A. Donkey Kong, lile sokwe kubwa la gemu za Nintendo, kasimama juu na kibao chenye namba. Chini yake kuna kamba zinazoning'inia, zimetundikwa tarakimu, na alama za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya ziko pembeni yao. Wachezaji wawili, kila mmoja na nyani wake mdogo, wanapanda kamba, kila mmoja na hesabu yake: unagusa namba, unagusa alama, unagusa namba nyingine, mpaka ufikishe ile ya kibaoni. Anayewahi ndiye mshindi.

Kibao kikaonyesha 24. Mimi, mtu mzima na tebo zangu kichwani, nikakimbilia 6, nikachukua alama ya kuzidisha, nikaanza safari ya kuifuata 4 iliyokuwa upande wa pili kabisa. Binti hakuhangaika na kuzidisha. Alichukua 9, akajumlisha 9, akaangalia kilicho karibu yake, akajumlisha 6. Mimi bado niko kwenye kamba. "Anko, mbona unazunguka?"

Hapo ndipo nilipoikubali. Daftarini unapewa swali lenye jibu moja, na ukikosea unawekewa kosa. Hapa unapewa jibu, njia unajichagulia, na njia fupi kwa macho si lazima iwe fupi kwa miguu. Ukipitiliza hujafa: unatafuta alama ya kutoa, unarudi nyuma. Kuna raundi alifika 31 wakati inatakiwa 28, akanung'unika, kisha nikamsikia anahesabu kwa sauti ya chini akiifuata 3. Sijawahi kumwona akitoa namba kwa hamu namna ile.

Sehemu ya mazoezi, kwa upande wake, sina la kuisifia. Ni hesabu za wima kama za daftari, unajaza tarakimu za jibu moja moja kwa kumpandisha nyani kwenye minyororo. Jibu unalijua tangu mwanzo, ila kuliandika ni kazi ya kuteka maji kwa kijiko. Mtoto alivumilia kidogo, akaniachia pedi mkononi bila maneno.

Wanaotaka kuijaribu wajue mengine. Maelekezo hakuna: menyu ya Kiingereza inakuja, unachagua, unatupwa uwanjani, kwa hiyo raundi za kwanza lazima mtu mzima akae naye. Ukiwa peke yako, nyani wa pili anasimama tu kama sanamu, hivyo bila pedi mbili nzima usijisumbue. Ya kwetu moja ilikuwa na kitufe kinachokwama, na mashindano yote yakageuka ugomvi wa nani ashike ipi. Kaseti nayo ilitaka kupulizwa kama zamani, na TV bapa ilikubali waya wa AV baada ya kubembelezwa.

Kwa mtoto ambaye bado hajui kujumlisha, hapana. Gemu hii haimfundishi, inampima tu. Wadogo walitengenezewa vitu vingine: mwaka huohuo wa 1983 Atari walikuwa na gemu za wahusika wa Sesame Street, kile kipindi cha TV cha watoto, zilizochezwa kwa kibao maalumu cha vitufe vikubwa, na miaka kumi baadaye Sega wakaja na Pico, mashine ya gemu ya watoto ambayo kaseti yake ni kitabu chenyewe. Mtoto anafunua ukurasa, picha ya kwenye TV inabadilika, anagusa kwa kalamu. Ningekuwa na wa miaka minne ningeitafuta Pico, hata iliyotumika.

Mpwa wangu anacheza Calculate A raundi kadhaa kwa moyo wote, halafu anaomba tuhamie ile ya vifaru. Namkubalia. Kule angalau huwa namshinda.