Alberti au Vasari: uanze na nani?

Ukitaka kuielewa sanaa ya Renaissance, yaani zama za mwamko wa sanaa na elimu Ulaya, kupitia watu wa zama zenyewe, wawili hawa hawakwepeki: Leon Battista Alberti na De pictura, kitabu chake cha 1435 kuhusu uchoraji, na Giorgio Vasari, ambaye Maisha ya wasanii aliyoyaandika yalitoka Florence mwaka 1550, yakapanuliwa 1568.

Mimi ningeanza na Alberti, ingawa ni mgumu. Anaingia na nukta, mstari na uso wa kitu, kama mwalimu wa hesabu, kisha anasema picha ni kama dirisha lililo wazi. Anaeleza hata namna ya kutundika kitambaa chepesi chenye nyuzi za miraba kati ya mchoraji na anachokichora. Toleo la Kiitaliano alimtunukia Brunelleschi, msanifu majengo wa Florence. Yaani aliwaandikia mafundi pia, si wasomi wa Kilatini peke yao. Baada ya kumsoma, sakafu za miraba katika picha za karne ile hazibaki mapambo. Jicho lenyewe linatafuta mahali mistari inapokutana.

Vasari ni mtamu zaidi, na ndiye aliyetupa hadithi nzima: kutoka wachoraji wa mwanzo, Cimabue na Giotto, hadi Michelangelo, aliyemweka kileleni. Ila msome kwa tahadhari. Anadai mchoraji Andrea del Castagno alimuua mchoraji mwenzake Domenico Veneziano kwa wivu, na kumbe Castagno alikufa 1457, Domenico 1461. Doa hilo lilimwandama marehemu Castagno kwa karne kadhaa.