Kipimajoto cha dijitali kutoka Marekani: tathmini baada ya miezi minne

Shemeji yangu anayeishi Marekani alipokuja Dar es Salaam, alituletea kipimajoto cha dijitali cha kupimia homa, nami nimekitumia kwa miezi minne kwa watoto wawili na mzee mmoja. Katika upimaji wenyewe sina lawama: kikiwekwa kwapani hulia baada ya dakika moja hivi, ncha yake ni laini, na nilipokilinganisha na kile cha zahanati ya jirani vilipishana kwa nyuzijoto 0.1 tu.

Tatizo ni kwamba kilikuja kikisoma Farenhaiti, kipimo cha joto cha Wamarekani, badala ya Selsiasi tuliyoizoea. Usiku mtoto alipochemka mwili kwa mara ya kwanza, kioo kilionyesha 101.3, na mama yake, ambaye kama wengi wetu anajua 37 ni uzima na 38 ni homa, alidhani kifaa kimeharibika. Mimi nikakumbuka kanuni ya haraka ya kutoa 30 kisha kugawa kwa 2, inayomtosha mtu anayetaka kujua hali ya hewa ya New York, nikapata 35.65, yaani mwili uliopoa, ilhali paji la uso lilikuwa linaunguza. Kanuni kamili ni kutoa 32, kuzidisha kwa 5 na kugawa kwa 9, na jibu lake ni 38.5. Kupunja nyuzi karibu tatu si kitu kwa anayechagua koti, lakini kwa mzazi aliyeamka saa nane za usiku ni kosa kubwa.

Kijitabu cha maelekezo kina jedwali sahihi la ulinganisho: 98.6 ni 37, 100.4 ni 38, 104 ni 40. Ajabu ni kwamba ukurasa unaofuata unadai kifaa kinaweza kukosea kwa nyuzi 0.1 za Selsiasi, "sawa na 32.2 za Farenhaiti". Mwandishi amechanganya kipimo na tofauti ya vipimo. Ile 32 huongezwa unapogeuza Selsiasi kuwa Farenhaiti kwa sababu maji huganda kwenye 0 ya Selsiasi, ambayo ni 32 ya Farenhaiti. Tofauti haihusiki na mahali pa kuanzia kuhesabu, bali huzidishwa kwa 1.8 pekee, hivyo 0.1 ni 0.18. Kipimajoto kinachokosea kwa nyuzi 32 kisingeweza kumtofautisha mgonjwa na kikombe cha chai.

Kukigeuza kunawezekana, ingawa niligundua hilo wiki ya tatu: kikiwa kimezimwa, kitufe hubonyezwa na kushikiliwa kwa sekunde kadhaa hadi herufi F iwe C. Maelezo hayo yamefichwa ukurasa wa mwisho, na herufi yenyewe kwenye kioo ni ndogo kiasi kwamba mzee wetu haioni hata akivaa miwani. Kwa haki, joto la mwili huwa kati ya 35 na 42 kwa Selsiasi na kati ya 95 na 108 kwa Farenhaiti, hivyo anayejua kuwa vipimo ni viwili hawezi kuvichanganya. Anayeteseka ni yule asiyejua.

Kwa usahihi wake ningekinunua hata kwa fedha yangu. Anayetaka kuwapelekea ndugu nyumbani akigeuze kwanza kiwe C, ndipo akifunge kwenye kasha.